Somo: Kutazama ndege wahamaji Mida

Wengi wakisikia kutazama ndege hudamka alfajiri. Msituni sawa. Hapa hori ya Mida, Watamu, pwani ya Kenya, anayepanga ratiba ni bahari. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali matopeni. Yakianza kujaa, husogezwa taratibu mpaka karibu nawe.

1. Angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Fika muda wa saa mbili kabla hayajajaa.

2. Chagua msimu. Septemba hadi Aprili ndipo wageni wa Siberia wanapojaa.

3. Pita daraja la mbao lililoning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Kaa, nyamaza.

4. Wajue wa kawaida kwanza, la sivyo mgeni adimu atakupita. Chekeamwezi mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, anayekimbia ovyo kama mlevi, ni yule aitwaye Terek. Mdomo ukipinda chini, tazama wengine.

Mimi hupotezea muda mwingi kwa yule mlakaa mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo. Humnyemelea kaa, humkamata, humtingisha. Makinda yake ya kijivu bado humfuata yakilia yalishwe, ilhali yamezaliwa huko pwani za Uarabuni, ndani ya shimo la mchanga, kila shimo yai moja jeupe.

Maswali ya wanachama

— Shikamoo mwalimu. Nina darubini ya mkono tu, 8x42. Itafaa?
Marahaba. Maji yakijaa inatosha kabisa. Maji yakiwa yamepwa, hata darubini kubwa ya miguu mitatu utailaumu bure.

— Likizo yangu ni Julai. Nisije?
Njoo, ila nenda mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Wakati huo kuna ndege wageni kutoka Madagaska, mabawa yao marefu kama ya mbayuwayu. Mida utakuta wachache tu waliobaki.

— Nikiona nisiyemjua, nani ataniamini?
Piga picha, hata ya simu iliyotia ukungu. Kabla hujafungua kitabu, andika rangi ya miguu, urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, kimo chake kwa aliye jirani, na mgongo wake akiruka. Ukiona pete mguuni, andika rangi na mguu gani, kushoto au kulia. Halafu mwite mwenzako naye aone.