Somo: Kuanzisha Ushirikiano wa Majirani kwa Kuzibua Mfereji wa Mtaa

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam kila nyumba hufagia uwanja wake, lakini mfereji unaopita mbele ya nyumba zote hubaki bila mwenyewe hadi masika yaingie mwezi Machi. Napendekeza ushirikiano uanzie hapo, kwa kuwa ukizibua kipande chako na jirani wa chini hajazibua chake, maji yatakurudia.

Hatua ya kwanza: zungumza na majirani wawili watatu ana kwa ana, kisha mpelekeeni taarifa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ujumbe wa kundi la WhatsApp wengi huusoma na kunyamaza.

Hatua ya pili: orodhesheni vifaa vilivyopo, yaani toroli, mabeleshi, sururu, reki na ngazi. Kila kifaa kibaki kwa mwenyewe. Cha pamoja kiwe daftari linaloonyesha nani ameazima nini na atakirudisha lini. Msikimbilie kuchangishana fedha za kununua vipya, kwani michango ya mapema ndiyo huzaa manung'uniko.

Hatua ya tatu ni siku yenyewe ya kazi. Anzeni upande wa chini, maji yanakoelekea, mkipanda juu, ili maji yaliyotuama yapate njia nanyi msichimbe ndani ya tope. Tope hilo lisirundikwe ukingoni, maana mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka. Lipakiwe kwenye toroli na kupelekwa mbali. Zoeni pia vifuu, makopo na matairi, kwa sababu mbu aenezaye homa ya dengi, iliyolipuka jijini mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache ya namna hiyo. Watakaoingia mferejini wavae mabuti na glavu, na watoto wasiingie kabisa.

Mkishazoeana, zamu za kuwavusha watoto barabara asubuhi zitapangika kwa urahisi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo, mwalimu. Bibi yangu hawezi kushika beleshi, naye anaona haya kutoa udhuru kila mara.

Jibu: Marahaba. Mkabidhini daftari, kwani yeye hushinda nyumbani na majirani watamheshimu anapodai kifaa kilichochelewa.

Swali: Jirani amerudisha toroli yangu tairi likiwa limepasuka, wala hasemi neno.

Jibu: Mwendee na mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili, nyumbani kwake, wala usimtaje kikaoni. Kisha kubalianeni wote kwamba anayeharibu atatengeneza, na kilichochakaa kwa matumizi ya wengi kitatengenezwa na wengi.

Swali: Wapangaji wanasema kazi hii ni ya wenye nyumba.

Jibu: Maji yakiingia usiku, kinacholowa ni godoro la mpangaji. Hata hivyo hoja yao ina uzito, hivyo mwenye nyumba asiyeishi hapo aombwe achangie mabuti na glavu, na mpangaji atoe nguvu zake.