Unataka kukimbia kila barabara ya mji wako? Haya ya kuweka sawa kabla hujafunga kamba za raba (mfano wa Tanga)

Hii kitu ya mtu kuamua anakimbia kila barabara ya mji wake mpaka aimalize yote inazidi kupata watu, na wengi walianza kuisikia mwaka 2018 pale Rickey Gates, mkimbiaji wa Marekani, alipozimaliza barabara zote za San Francisco, zaidi ya kilomita 2,000 kwa siku zisizofika 50. Sasa yule ni mtu wa mbio ndefu kazi yake ndio hiyo, wewe na mimi tuna kazi, tuna familia, kwa hiyo tunaongelea miezi, pengine mwaka na zaidi, na ndio maana maandalizi yanabeba uzito kuliko hata mapafu. Nitatumia Tanga kwa mfano sababu ndio mji ninaoujua kwa miguu, ila ukiwa Moshi, Mtwara au Mombasa mengi ni yale yale.

Cha kwanza kabisa, kabla ya raba kabla ya saa, amua mji wako unaishia wapi na barabara kwako ni nini. Usilichukulie poa hili. Ukisema unakimbia Jiji la Tanga lote kwa mipaka ya halmashauri, jua umejitwisha Pongwe, Tongoni, Chongoleani kule bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda linakoishia, na njia za katikati ya mashamba ambazo hata bodaboda anakuuliza mara mbili unaenda kufanya nini huko. Ushauri wangu anza na mji wenyewe, Ngamiani, Chumbageni, Bombo, Raskazone, halafu Makorora, Mabawa, Msambweni, Mikanjuni, ukivimaliza hivyo ndio upanue. Kuhusu barabara, mimi nasema gari ikiweza kupita au ikiwa na kibao cha jina basi ni barabara, ikimbie. Chochoro linalopita uwani kwa watu, pale mama anakoshea vyombo na kamba ya nguo imekatiza, hilo liache hata kama ramani inalionyesha, pale ni nyumbani kwa mtu. Andika sheria zako kwenye daftari kabisa siku ya kwanza, maana ukifika katikati umechoka utaanza kujipunguzia na baadae hata ukisema umemaliza moyo wako mwenyewe hautakubali.

Ya pili ni ramani. Watu wengi wanaofanya hii kitu duniani wanatumia CityStrides, tovuti ya kuhesabu barabara ulizopita, unaiunganisha na Strava (apu ya kurekodi mbio) au saa yako ya Garmin halafu yenyewe inachukua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, na kuzipaka rangi kila unapopita. Inavyofanya kazi ni kwamba kila barabara ina nukta nukta, ukipita karibu na nukta inahesabiwa, na ukigusa asilimia 90 ya nukta za barabara ile inakuandikia umeimaliza. Kwa hiyo usikate kona mapema, nenda mpaka mwisho kabisa wa barabara ndio ugeuke, nukta ya mwisho huwa iko pale pale ukutani. OpenStreetMap inachorwa na watu wa kujitolea, na bongo tuna bahati, kwa Dar kulikuwa na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 wanafunzi na wananchi wakazunguka mitaani kuchora mpaka mifereji, ila mikoani ubora unapanda na kushuka, utakuta mtaa mzima hauna majina, au barabara iliyokwishajengewa nyumba juu bado imo. Mwaka 2022 kabla ya sensa serikali ilifanya operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, vibao vya majina vikawekwa na nyumba zikapewa namba, hiyo imetusaidia sana sisi wakimbiaji kuliko tunavyoisema. Pale kibao na ramani vinapopishana amini kibao, halafu ingia OpenStreetMap urekebishe mwenyewe, ni bure, na wa nyuma yako atakuta njia imenyooka. Ramani ishushe kwenye simu kabla hujatoka, Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila data, na ukiwa nje skrini usiwe unaitoa kila dakika, jisomee njia nyumbani ukariri kona sita saba.

Hapo kwenye kupanga njia ndio patamu, na nitakaa kidogo. Mwaka 1736 mwanahisabati Euler alithibitisha kitu kuhusu madaraja ya mji wa Königsberg ambacho kinatuhusu moja kwa moja: huwezi kupita kila njia mara moja tu bila kurudia kama njia panda zenye idadi witiri ya njia, yaani tatu au tano, ni zaidi ya mbili. Mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Kwan Mei-Ko, akalichukua swali la upande wa pili, posta anayetakiwa apite kila mtaa na arudi ofisini arudie kidogo iwezekanavyo. Sasa wewe ndio huyo posta. Chukua Ngamiani, ile mitaa ya namba iliyonyooka, barabara ya 7, ya 8, ya 9, inakaa sambamba kama miraba ya mkeka, ukiitazama unadhani ni kazi rahisi, panda hii shuka ile. Na kweli kwa barabara za namba ni hivyo hivyo, panda ya 7, shuka ya 8, panda ya 9. Shida inakuja kwenye barabara zinazozikatiza. Kila unapotoka barabara moja ya namba kwenda nyingine unapita kipande kidogo tu cha ile inayokatiza, tena upande mmoja kipande cha 7 kwenda 8, upande wa pili kipande cha 8 kwenda 9, kwa hiyo ukimaliza unadhani umezikomba zote kumbe zile ndefu zina mapengo kama meno ya mtoto. Dawa yake ni kuzitenga: siku moja kimbia za namba tu, siku nyingine kimbia zinazokatiza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kupinda. Utarudia vipande vichache vya pembeni, hilo Euler ameshakwambia halikwepeki, ila hutarudi Ngamiani mara ya tano kutafuta mita themanini.

Na barabara isiyotokea unaihesabu mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo unapopanga kilomita za siku usipige urefu wa barabara mpya tu, ongeza za kufika pale, za kurudia na za kurudi nyumbani. Mitaa ya mbali na kwako bora upande bajaji au daladala mpaka pale uanzie hapo hapo, miguu yako itumike kwenye barabara mpya.

Sasa watu. Hili ndilo naliweka juu ya yote. Mtu anayekimbia barabara kubwa kila mtu anamwelewa, ila mtu anayeingia mtaa wa ndani saa kumi na mbili kasoro asubuhi, anafika mwisho, anageuka, anatoka, anaingia wa pili, huku anatazama simu, huyo lazima aulizwe, na wana haki ya kuuliza. Kabla ya kuanza eneo jipya pita ofisi ya serikali ya mtaa umuone mwenyekiti au mtendaji, mwambie mimi fulani naishi mahali fulani, wiki hizi mtaniona nakimbia kwenye mitaa yenu, nafanya mazoezi na nataka nipite kila barabara. Dakika kumi tu. Mwenyekiti akishajua na wajumbe wanajua, na bodaboda wa kijiwe cha pale wanajua, na hao bodaboda ndio walinzi wako kuliko mtu yeyote. Barabarani salimia, usipite na masikio yamezibwa na vidude vya muziki, viache nyumbani kabisa, kwanza hutasikia pikipiki nyuma yako, pili bibi amekaa barazani anakutazama halafu unampita kimya, Tanga hii? Punguza mwendo, shikamoo bibi, utasikia "marahaba mwanangu, wakimbilia wapi alfajiri yote hii?" na ukimjibu vizuri kesho yake yeye ndio anawaelezea wenzake wewe ni nani. Mavazi nayo uyafikirie, kwenye mitaa ya ndani karibu na misikiti suruali nyepesi ya michezo au kaptula inayovuka goti inakupa amani, kwa dada zetu hivyo hivyo, na kama unaweza kuwa na mwenzako kwa mitaa usiyoijua nenda naye.

Watoto watakufuata, hilo lipangie. Jioni ukiingia Makorora watoto wanatoka kila nyumba wanakimbia na wewe, kandambili mkononi, wanacheka, wanakupita halafu wanageuka kukusubiri, na ni raha kweli kweli, ila kundi lile usilipeleke kwenye barabara ya lami. Ukibakisha nyumba mbili tatu ufike barabara kubwa simama kabisa, waage, hakikisha wamegeuka ndio uvuke.

Kuna sehemu huingii, na ni bora uzijue mapema kwenye ramani uzitoe kwenye hesabu. Ndani ya geti la bandari, kambi za jeshi na polisi, gereza, maghala ya mafuta, eneo la stesheni ya reli penye mabehewa. Hata kama kijia kinaonekana kwenye ramani, ukiona bango la kukataza geuka pale pale, na usipige picha. Ile Januari 2018 ramani ya Strava ya dunia nzima ilizua kelele kwa sababu njia za mazoezi za wanajeshi zilianza kuonekana kwenye kambi ambazo hazikutakiwa kujulikana, kwa hiyo wale jamaa getini wakikuona na saa ya jipiesi wakakuhoji wana sababu, jibu kwa heshima na onyesha kitambulisho. Hapo hapo fikiria na usalama wako, ingia kwenye mipangilio ya apu ufiche mita za mwanzo na mwisho wa kila mbio, la sivyo mtu yeyote anajua unapoishi na saa unayotoka.

Mbwa. Kule Raskazone na Bombo kwenye nyumba kubwa za mageti wengine mbwa bado wako nje alfajiri, akikujia usikimbie, simama, usimkazie macho, ongea kwa sauti ya chini urudi nyuma taratibu. Akikung'ata hata kama ni mchubuko tu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone mbwa ataumwa au la, ule ugonjwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Hali ya hewa ya pwani ipangie msimu mzima. Kaskazi, Desemba mpaka Februari, joto na unyevu vinakunyonya hata saa moja asubuhi, wiki hizo chukua mitaa mifupi ya karibu. Masika, Machi mpaka Mei, mitaa ya udongo inakuwa madimbwi ambayo huoni chini kuna nini, kuna mfereji, kuna chupa, achana nayo ukimbie za lami za Chumbageni. Kusi ikiingia, Juni mpaka Septemba, hewa inapoa, hapo ndio ukimbie zile kubwa na za mbali, na kama unaweza kuchagua mwezi wa kuanza basi anza Juni. Ramadhani kwa anayefunga, muda mzuri ni ile nusu saa ya mwisho kabla ya futari, taratibu, au usiku baada ya tarawehe kwenye barabara zenye taa.

Mwili nao una yake. Mbio hizi ni za kusimama na kugeuka sana, magoti na vifundo vinasikia kuliko mbio za moja kwa moja, ongeza kilomita kidogo kidogo. Barabara zetu zimeinama pembeni ili maji yatiririke, ukikaa upande mmoja tu mguu mmoja unafanya kazi ya kuteremka muda wote, kwa hiyo kwenye mitaa isiyo na magari kimbia katikati. Kwenye barabara ya magari kaa kulia uyaone yanayokuja. Raba za mtumba sio tatizo ila ikunje soli kabla ya kununua, ikiwa ngumu kama ubao irudishe mezani.

Vya kubeba ni vichache: simu yenye chaji na salio (112 ni ya dharura), kitambulisho au picha yake, na buku mbili tatu za maji au dafu na nauli ya kurudi mvua ikikukamata. Alfajiri vaa kitu kinachong'aa. Mtu mmoja nyumbani ajue leo uko mtaa gani.

La mwisho ni viporo. Kila siku kuna kabarabara utakiacha, palikuwa na msiba na turubai limefunga njia, palikuwa na maji, geti lilifungwa. Kaandike siku hiyo hiyo na sababu yake, na tenga siku moja kila mwezi ya viporo tu, sababu ukiviacha vijikusanye mpaka mwisho utabaki na kimoja Sahare, viwili Mabawa, kimoja nyuma ya uwanja wa Mkwakwani, mji mzima unauzunguka kwa mita mia mbili mbili.