Jinsi ya Kuwa Mchumi wa Afya Anayeunda Modeli za Sera

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya HPV, inayowakinga wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na wakati huo kila msichana alitakiwa kupata dozi mbili. Mwaka 2024 nchi ilihamia dozi moja. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na tafiti za kitabibu, ukiwemo utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, na Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa msimamo kwamba dozi moja inaweza kutumika. Hata hivyo, utafiti wa namna hiyo humfuatilia msichana kwa miaka michache, ilhali saratani yenyewe huchukua miongo kujitokeza. Pengo hilo huzibwa kwa modeli, yaani mfano wa kihesabu unaokadiria yatakayotokea baadaye, na anayeiunda modeli hiyo, akizilinganisha gharama na faida za kila njia, ndiye mchumi wa afya anayezungumziwa katika mwongozo huu.

Milango ya kuingilia kazi hii ni mingi. Wapo waliosoma uchumi, wapo waliosoma takwimu, na wapo madaktari na wafamasia waliogundua kwamba maswali yanayowasumbua zaidi wodini ni ya bajeti. Mchumi atalazimika kuyasoma magonjwa kwa kina cha kutosha kuelewa yanavyoanza, yanavyokua na yanavyotibiwa. Daktari atalazimika kurudi kwenye takwimu na hesabu za uwezekano. Shahada ya uzamili ni karibu ya lazima. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kitengo cha uchumi wa afya chenye jina, na York nchini Uingereza ni miongoni mwa vyuo vilivyoanza mapema kulifundisha somo hili, lakini popote utakapoomba, kagua kwanza kama kozi ina somo la tathmini ya kiuchumi na somo la kuunda modeli kwa vitendo. Kozi isiyokuwa na hayo mawili itakupa cheti bila kukupa ufundi.

Ninashauri kwa dhati kwamba kabla ya uzamili ufanye kazi kwa muda katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, au katika idara ya mipango ya hospitali. Huko ndiko takwimu zinakozaliwa. Aliyewahi kukaa zahanati mwisho wa mwezi, akamwona muuguzi akijumlisha tarakimu za vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za kituo cha afya, huku wajawazito wakimsubiri kwenye benchi, anajua kwa nini ripoti ya mwezi fulani ina mapengo. Mtu huyo hataichukua sifuri iliyomo kwenye mfumo kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na mgonjwa.

Kuhusu programu za kompyuta sina mengi ya kusema. Anza na Excel, kwa sababu humo kila hatua ya hesabu inaonekana na maofisa wengi wa wizara wanaweza kuifungua, kisha jifunze R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure.

Modeli yako ya kwanza ianze na swali lililoandikwa kwa sentensi moja. Sentensi hiyo itaje walengwa ni akina nani, njia zipi zinalinganishwa, gharama zinahesabiwa kwa upande wa nani, na matokeo yatafuatiliwa kwa miaka mingapi. Kwa mfano wa HPV, swali linaweza kuwa hili: kwa wasichana wanaotimiza miaka 9 mwaka huu, dozi ya pili inaongeza faida gani juu ya dozi ya kwanza, na kwa gharama gani kwa serikali, katika maisha yao yote? Swali likikaa sawa, muundo wa modeli hujitokeza. Utawagawa wasichana katika hali chache: mzima, aliyeambukizwa kirusi cha HPV, mwenye mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, mwenye saratani, na aliyefariki. Kila mwaka sehemu fulani ya kila kundi huhamia hali nyingine, nawe utaitafutia kila sehemu hiyo ushahidi. Hiyo ndiyo modeli ya Markov. Kasoro yake ni kwamba haioni jinsi msichana aliyechanjwa anavyowakinga wengine kwa kutoambukiza. Ukitaka kulionyesha hilo utahitaji modeli ya maambukizi, ya ukoo ule ulioasisiwa na wanasayansi Kermack na McKendrick mwaka 1927. Mwanafunzi aanze na Markov na aandike wazi kwamba faida hiyo ya ziada ameiacha nje.

Gharama zinataka uvumilivu kuliko hesabu yenyewe. Bei ya chupa ya chanjo ni mwanzo tu, kwani kuna majokofu, mafuta ya gari, posho za wahudumu wanaokwenda shuleni, dozi zinazoharibika, na siku nzima ya pili ya kuwafuata wasichana ambao hawakuwepo siku ya kwanza au hawasomi kabisa. Sehemu ya gharama ya chanjo katika nchi zetu hulipwa na Gavi, muungano wa kimataifa unaofadhili chanjo, na hapo ndipo kutaja upande unaohesabu kunapokuwa na maana, kwa sababu kilicho rahisi kwa wizara leo kinaweza kuwa mzigo mkubwa siku mfadhili atakapoondoka. Ukihesabu kwa upande wa jamii, ongeza pia nauli na siku za kazi anazopoteza mama anayemsindikiza mwanawe.

Sasa tuangalie kosa ambalo huharibu kazi nyingi. Tuseme, kwa tarakimu za kubuni, kwamba mpango wa dozi moja unagharimu shilingi milioni 900 na unaokoa miaka 3,000 ya maisha yenye afya, na mpango wa dozi mbili unagharimu shilingi milioni 1,550 na unaokoa miaka 3,100. Ukigawanya kila mpango peke yake, utapata shilingi 300,000 kwa mwaka mmoja wa afya katika wa kwanza na shilingi 500,000 katika wa pili, na msomaji ataona kwamba tofauti si kubwa. Lakini mwenye kuamua haulizi hivyo. Anauliza dozi ya pili inamletea nini, na jibu ni kwamba shilingi milioni 650 za nyongeza zinanunua miaka 100 tu ya nyongeza, yaani shilingi milioni 6.5 kwa kila mwaka. Daima gawanya nyongeza ya gharama kwa nyongeza ya faida.

Jambo lingine ni thamani ya wakati. Kwa desturi gharama na faida za baadaye hupunguzwa kwa asilimia 3 kila mwaka, hivyo mwaka mmoja wa afya utakaopatikana miaka 30 kutoka sasa huhesabiwa kama takribani 0.41 ya mwaka wa leo. Kwa chanjo ambayo gharama yake ni ya leo na faida yake ni ya uzeeni, punguzo hilo linaweza kugeuza jibu zima. Onyesha matokeo kwa asilimia 3, kisha yaonyeshe bila punguzo lolote.

Je, shilingi milioni 6.5 ni nyingi mno? Uingereza, kupitia NICE, chombo chake cha kutathmini dawa na tiba kilichoanzishwa mwaka 1999, kwa miaka mingi ilitumia kiwango cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye ubora. Kwetu wengi walinukuu kanuni ya kulinganisha na pato la taifa kwa kila mtu, mara moja hadi mara tatu, ingawa wataalamu wa WHO wenyewe wameonya isitumike peke yake kufanya uamuzi. Naona ni bora kuuliza fedha hizo hizo zingefanya nini kwingine katika bajeti ile ile, kwa mfano katika damu salama au vyandarua.

Usiseme jibu moja bila kueleza mashaka yake. Machi 2020 modeli ya Imperial College ilikadiria vifo takribani 510,000 nchini Uingereza kutokana na UVIKO-19 endapo hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Tarakimu ilienea duniani, sharti lake likaachwa nyuma, na baadaye watu wakaihukumu kama utabiri. Badilisha kila dhana kubwa ya modeli yako, moja baada ya nyingine na zote kwa pamoja, na uandike ni ipi ikibadilika uamuzi hubadilika. Katika mfano wetu huenda ikawa muda ambao kinga ya dozi moja hudumu.

Kazi zipo, na zinaongezeka. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya iliiweka SHA, mamlaka yake mpya ya bima ya afya, mahali pa mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 kwa makato ya asilimia 2.75 ya mshahara. Kila huduma inayoingizwa kwenye kitita cha mafao inahitaji mtu wa kuikokotoa. Taasisi ya Afya Ifakara na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, Kenya, huwapokea watafiti chipukizi, na wizara zina nafasi za wachumi katika idara za sera na mipango. Mfadhili akikuomba ubadilishe dhana ili jibu lipendeze, kataa kwa maandishi, na utaje sababu ya kitaalamu.

Mwisho wa kazi, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kinachosomeka na mkurugenzi asiyekuwa mchumi. Ukurasa wa kwanza uwe na swali, jibu na kiwango cha mashaka. Wa pili uwe na dhana kuu na chanzo cha kila tarakimu. Ambatanisha faili la modeli likiwa wazi, bila nywila, ili atakayeajiriwa baada yako aweze kubadilisha bei ya chanjo na kupata jibu jipya siku hiyo hiyo.