Ukiambiwa "Kiri Yaishe" Huku Marekani, Usisaini Kwanza

Ndugu zangu mlioko Marekani, kama huna uraia, usikiri kosa lolote mahakamani kabla wakili wa uhamiaji hajaisoma kesi yako. Lolote, hata liwe dogo namna gani.

Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi wa dukani, hajatimiza miaka mitano tangu apate grini kadi, kibali cha kuishi huku kwa kudumu. Wakili wake akamwambia akiri, atapewa kifungo cha nje, akitulia kesi itafutwa. Nyumbani wakamsihi: mshukuru Mungu, kiri urudi kazini. Akakiri, na mahakama ikaifuta kweli. Alipoomba uraia, kesi ile ikafufuliwa, akaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji kujibu kwa nini asirudishwe kwao.

Mtego uko hapa. Mahakama ya jimbo inaweza kusema hukutiwa hatiani, uhamiaji wakasema ulitiwa. Tangu sheria ya uhamiaji ya 1996, ukikiri na hakimu akakupa adhabu yoyote, kifungo cha nje kikiwemo, kwa uhamiaji umetiwa hatiani. Kufutiwa kesi kwa kuwa ulimaliza muda wako vizuri hakubadili kitu. Tena kifungo kilichoahirishwa chote huhesabiwa kama umekitumikia. Kwa wizi, kifungo cha siku 364 na cha siku 365 havilingani: kikifika mwaka unaingizwa kwenye kundi la makosa mazito kabisa, hata kama hukulala jela usiku mmoja.

Narudia: usikiri ili yaishe. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Basi muulize waziwazi: mimi si raia, nikikiri uhamiaji watanifanya nini? Jibu alitoe kwa maandishi.

Mengine ni mafupi. Wakili wa bure ni haki yako ukikabiliwa na jela na huna uwezo. Analipwa na serikali lakini ni wako. Ukitaka kukaa kimya, tamka kwamba unatumia haki hiyo. Polisi wasipokusomea haki zako, kesi haifi kwa hilo. Kinachoweza kukataliwa ni majibu uliyotoa ukihojiwa kizuizini. Simu za jela hurekodiwa.

Na ninyi wazazi wetu, tunajua mnatupenda, lakini msitume mzee kwa mlalamikaji akaombe yaishe. Huku kesi ni ya serikali, mlalamikaji hawezi kuifuta. Kama mahakama imekataza mawasiliano, ujumbe huo unamzalia mtoto wenu shtaka jipya.

Hukumu nyingi mno za hatia hapa, zaidi ya asilimia 90, hutokana na watu kukiri. Hakimu anakuuliza kwa sauti ya upole kama kuna aliyekulazimisha. Sisi tuliozoea askari wa kufoka, upole ule hutulegeza, tunaitikia kila kitu. Naona ni aibu kwa nchi inayojivunia haki kiasi hiki kumwacha mtu asaini maisha yake kwa dakika chache kwenye korido.

Kama umeshakiri zamani, chukua mahakamani nakala zilizothibitishwa za jalada lako zote. Usisafiri nje ya Marekani, usihuishe grini kadi, usiombe uraia, mpaka wakili wa uhamiaji azisome.