Kabla Hujajiunga na Kozi ya Uuguzi ya Miaka Miwili Marekani

Wengi wetu tuliofika Marekani na kuanzia kazi ya kuhudumia wazee huishia kuutamani uuguzi wenye leseni kamili, na shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii, ile iitwayo ADN, ndiyo njia ya gharama nafuu. Hakikisha kwanza kwamba kozi imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, kwa kuwa bila kibali hicho hutafanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN. Kisha uliza kuhusu ithibati ya kozi yenyewe, kutoka ACEN au NLN CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa kozi za uuguzi, maana chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati na idara ya uuguzi ikawa haina.

Sasa kiwango cha ufaulu. Bodi hutangaza asilimia ya wahitimu wa kila chuo waliofaulu NCLEX kwa mara ya kwanza, nami nilichagua chuo changu kwa sababu kilikuwa na 100. Tulianza wanafunzi 48. Alama ya kupita ilikuwa 78, na mwenzetu aliyepata 77.8 aliondolewa, kwani desimali hazikukadiriwa kwenda juu. Tulipofika muhula wa mwisho tukiwa 26, ndipo tukaelezwa kwamba kuna mtihani wa kutokea, uliotungwa na kampuni binafsi, na kwamba asiyeupita jina lake halipelekwi kwenye Bodi, hata kama amefaulu masomo yote. Tisa tulianguka. Nilirudia muhula mzima kwa ada mpya, nikikesha zamu za usiku ili niilipe, na mwaka huo chuo kilitangaza tena 100, kwa sababu sisi tuliozuiwa mlangoni hatukuhesabiwa popote. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: walianza wangapi, walimaliza wangapi kwa wakati, na je, mtihani wa kutokea ni sharti la kuhitimu? Kozi yenye ithibati ya ACEN inalazimika kufuatilia idadi ya wanaomaliza, hivyo ofisa anayebabaika kukujibu amekwisha kukujibu.

Yaliyobaki ni mafupi. Anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia ulizosoma zamani huenda zisipokelewe, kwani vyuo vingi huzikataa zikipita miaka 5 au 7. Fahamu kama utahitaji mtihani wa kujiunga, yaani TEAS au HESI. Thibitisha kwamba unahesabiwa mkazi wa eneo la chuo, la sivyo ada hupanda sana. Uliza mafunzo ya hospitalini yako umbali gani na huanza saa ngapi, hasa kama huna gari. Ukipanga kuishi New York, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 2017 inawataka wauguzi wapya wapate shahada ya kwanza ya uuguzi (BSN, iliyo juu ya ADN) ndani ya miaka 10.

Na yeyote anayekuahidi cheti cha haraka, hata akiwa mtu wa kanisani kwenu, mkimbie: Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kwamba vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi viliuzwa kupitia shule za Florida. Tunza kila barua pepe. Soma mwongozo wa wanafunzi wa mwaka huu, si wa mwaka jana, na uusome kabla ya kuweka sahihi.