Swali limesema taja, eleza au linganisha? Jua linataka nini

Kwenye swali la sayansi, kabla hujaandika chochote tafuta lile neno la amri, taja, eleza, kokotoa na kadhalika, lipigie mstari halafu angalia maksi zilizowekwa pembeni. Hivyo viwili ndo vinakwambia uandike nini na kiasi gani. Inauma mtu anayeijua mada vizuri kuambulia maksi 1 kati ya 4 kisa kajibu kitu ambacho hakuulizwa.

Taja na orodhesha ni nyepesi, jina tu linatosha. Wakitaka viwili andika viwili, usimwage vinne ukitegemea msahihishaji akuchagulie, maana kile cha uongo kinaweza kukukosesha maksi ya kile cha kweli.

Kazi ipo kwenye kuelezea kinachotokea na kueleza kwa nini kinatokea, hapa ndo watu wanapoteza sana. Chukua grafu ya kasi ya kimeng'enya (kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) na jotoridi, mstari unapanda halafu unashuka. Ukiambiwa elezea mwenendo wake we sema unachokiona: kasi inaongezeka jotoridi likipanda, inafika kilele kwenye nyuzi 40, kisha inashuka mpaka sifuri kwenye nyuzi 60. Hizo namba zisome kwenye grafu yenyewe na uziandike, ila usieleze kwa nini, hawajakuomba hilo. Ila wakisema eleza kwa nini, au toa sababu, kurudia kwamba inapanda kisha inashuka hakukupi kitu, wanataka chanzo: joto likiongezeka molekuli zinaenda mbio zaidi na zinagongana na kimeng'enya mara nyingi zaidi, likizidi kimeng'enya kinapoteza umbo lake na zile molekuli haziingii tena mahali pake. Soma jibu lako, kama hamna "kwa sababu" wala "ndiyo maana" popote basi hujaeleza bado. Na kuna mitihani inatumia eleza kwa yote mawili, kwa hiyo usiishie kwenye neno lenyewe, soma na yanayofuata.

Linganisha inataka pande zote mbili kwa sifa moja. Ukiambiwa ulinganishe mishipa ya damu, ateri na vena, ukaandika "ateri ina ukuta mnene" umeishia njiani, andika "ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena". Linganisha inakubali na yanayofanana, tofautisha inataka tofauti tu.

Kokotoa: onyesha njia. Kani niutoni 20, tungamo kilo 4, andika kanuni kwanza, mchapuko = kani ÷ tungamo, weka namba, 20 ÷ 4, jibu 5 m/s². Ukikosea kugawanya mara nyingi maksi ya njia bado unaipata, na kizio usikisahau kabisa jamani.

Chora ni penseli, mstari mmoja safi, na mistari ya majina isikatane.

Pendekeza ndo inatisha watu kwa sababu jibu halipo kwenye daftari, na halitakiwi kuwepo. Unapewa mnyama hujawahi kumsikia, anaishi jangwani na ana masikio makubwa membamba, pendekeza yanamsaidiaje. Chukua unachokijua, kwamba eneo kubwa la ngozi linapoteza joto haraka, ukiunganishe na huyo mnyama. Mara nyingi wanakubali wazo lolote linaloendana na sayansi, kwa hiyo hata kama huna uhakika usiache nafasi tupu.