Mgahawa ukiyumba Marekani: fedha za kutafuta na fedha za kukimbia

Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 28.6 kuokoa migahawa. Maombi yalizidi 278,000, waliopata ni kama 101,000. Karibu 3,000 waliokwisha kukubaliwa chini ya kipaumbele cha wanawake, wanajeshi wastaafu na jamii za wachache walinyimwa baada ya kesi mahakamani. Kwa hiyo usipange uhai wa mgahawa kwa kutegemea ruzuku.

Anza na jedwali la wiki 13: kila kinachoingia na kinachotoka, kwa tarehe yake. Chakula na mishahara kwa pamoja visizidi sana asilimia 60 hadi 65 ya mauzo. Vikifika 75, mkopo utakuongezea deni tu. Kwanza punguza menyu, na nyama ya kila sahani ipimwe kwa mizani. Kodi uliyokata kwenye mishahara ya wafanyakazi usiiguse hata mara moja. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaweza kukudai wewe binafsi, hata kama biashara ni kampuni.

Kisha tafuta fedha nafuu. Kiva, mtandao unaokusanya mikopo midogo kutoka kwa watu wengi, hukopesha mpaka dola 15,000 bila riba, ila kwanza ndugu na wateja wako lazima wachangie mkopo huo ndani ya siku 15. Wengi hukwama hapa: wanatupa kiungo cha ombi lao kwenye kundi la WhatsApp, wanasubiri. Mpigie mtu mmoja mmoja kabla siku hazijaanza kuhesabiwa.

Ukihitaji zaidi, nenda kwenye taasisi za mikopo ya maendeleo ya jamii, zinazoitwa CDFI. Mkopo mdogo wa SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, hupitia kwa wakopeshaji wa aina hii, na mwisho wake ni dola 50,000. Masharti ya uraia ya SBA yamekazwa tangu 2025, uliza kabla ya kujaza fomu. Kwa Mwislamu anayekwepa riba, African Development Center ya Minneapolis ina utaratibu usio na riba.

Ukienda kwa mkopeshaji, beba fomu za kodi ulizowasilisha, taarifa za benki, mkataba wa pango na lile jedwali. Mauzo ya taslimu yasiyopita benki hayahesabiwi. Fedha za upatu ukiziweka kwenye akaunti ya biashara, ziandikie maelezo siku hiyo hiyo. Vinginevyo zitaonekana kama mauzo, na hesabu zako zitagombana na kodi uliyolipa.

Wanaokupigia simu wakiahidi fedha kesho asubuhi, wakimbie. Dola 20,000 kwa kizidisho cha 1.4 ni kurudisha 28,000. Kwa miezi sita ni kama dola 220 kila siku ya kazi, na wengi huzikata kwenye akaunti yako hata siku ya theluji usipouza kitu. Kulipa mapema mara nyingi hakupunguzi chochote.

Kupikia wazee au makazi ya wasio na nyumba kwa mkataba huleta mauzo ya uhakika, lakini malipo huweza kuchelewa siku 30 hadi 60, na muuza mchele hasubiri. Dai sehemu ya malipo mbele kabla ya kusaini.